Kinywa na Umri

Katika uso wa mwanadamu hapana kiungo chenye kazi nyingi kama kinywa. Macho huona, masikio husikia na pua hunusa. Lakini kinywa hula, hunywa, husema, hucheka, hulia, huimba, husali na hulaani. Hakipumzishwi mchana, na wengine hawakipumzishi hata usingizini. Kwa hiyo si ajabu kwamba umri unapoanza kuonekana usoni huonekana mapema kandokando ya kinywa. Mfuo mmoja hushuka kutoka ubavuni mwa pua hadi pembe ya mdomo. Mwingine hutoka pembe ya mdomo ukaelekea kidevuni. Makunyanzi madogo husimama juu ya mdomo wa juu, na mashavu yaliyokuwa yamekaza hulegea yakaning'inia juu ya taya.

Zamani jambo hili halikuwa swali. Palipokuwa hapana dawa palikuwa na subira tu, na subira isiyo na njia ya pili haihitaji kutetewa. Watu walizeeka kama miti inavyozeeka, na hapana aliyemwuliza mwembe kwa nini gome lake limepasuka. Siku hizi dawa zipo. Pana sindano, pana mafuta ya kupaka, pana miali ya leza na pana kisu cha tabibu. Dawa ilipokuja ilikuja na swali lake: je, ni halali, ni busara na ni vema kwa mtu kuyaondoa makunyanzi ya kinywa chake? Na nyuma ya swali hilo limejificha jingine lililo zito zaidi: je, asiyetaka kuyaondoa amekosa nini?

Swali hili haliwahusu wakazi wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani peke yao. Limekwisha fika Mlandizi. Mlandizi ni mji wa njiani katika Wilaya ya Kibaha, mkoani Pwani, mwendo wa kilometa karibu 60 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, na kutoka hapo njia nyingine hukata kuelekea Mzenga katika Kisarawe. Mto Ruvu u karibu, na mtambo wa Ruvu Juu husafisha maji ya mto huo na kuyapeleka Dar es Salaam. Maji hutoka Mlandizi kwenda mjini, na mitindo hutoka mjini kuja Mlandizi. Kinachosemwa leo Kariakoo husemwa kesho katika kituo cha mabasi cha Mlandizi, na kwa sababu ya simu za mkononi mara nyingi hakingoji kesho.

Ichukuliwe mithali ya mama mmoja wa mji huo. Jina lake halina haja, maana jambo lake ni la wengi. Ana umri wa miaka 54. Kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa mama lishe kando ya barabara kuu, mbele yake moto na juu yake jua. Kwa sufuria za wali na maharage amewasomesha watoto wake, na binti yake wa kwanza amepata kazi katika ofisi Dar es Salaam. Meno matatu ya mbele ya mama huyu yameng'oka, na tumbaku aliyozoea kuiweka mdomoni tangu ujana imeacha alama yake. Binti amechumbiwa. Siku moja alikwenda Mlandizi kumwamkia mama yake na kumpa habari njema ya tarehe ya arusi, na baada ya chakula akamwambia, "Mama, yupo daktari mjini ambaye hudunga sindano hapa na hapa, na mikunjo hii hujaa. Si upasuaji. Utaingia asubuhi, utatoka adhuhuri. Gharama ni juu yangu."

Mama alijigusa mdomo kwa ncha za vidole kama mtu aliyeambiwa ana tone la mchuzi. Akauliza, "Watu wa upande wa mume wamesema neno?"

"Hawajasema, mama. Lakini picha za arusi hukaa miaka yote."

"Na sura hii, mwanangu, imekukosea nini?"

Binti hakuwa na jibu. Alikuja na zawadi mkononi, akaona imepokewa kama shtaka. Mama naye hakukusudia kumwaibisha mwanawe; aliuliza tu kwa kuwa kweli alitaka kujua. Walinyamaza wote wawili mpaka basi likapita.

Kabla ya kuwaamua ni wajibu kwanza kulijua jambo lenyewe, maana hukumu isiyotanguliwa na maarifa ni dhuluma. Ngozi husimamishwa na nyuzi nyembamba za kolajeni, na chini yake mna mafuta, chini ya mafuta misuli, na chini ya misuli mfupa. Kadiri miaka ipitavyo nyuzi hupungua, mafuta husinyaa na kushuka, na mfupa wa taya hupungua pia. Jino likitoka, mfupa uliolishika huliwa kidogo kidogo, na mdomo uliokuwa ukiegemea meno hukosa nguzo ukaingia ndani. Jua huharakisha mambo haya, na tumbaku huyaharakisha zaidi. Ngozi nyeusi hukingwa na rangi yake, na kwa hiyo aghalabu huchelewa kupata makunyanzi madogo kuliko ngozi nyeupe. Lakini rangi haizuii mashavu kulegea wala haishiki mfupa usipungue.

Dawa zake ni za namna nyingi, na kila moja ina faida na dhara. Ipo dawa ya kupaka iitwayo tretinoini, ambayo huiamsha ngozi ijijenge upya. Kazi yake huonekana baada ya miezi, huweza kuwasha na kuchubua, na haimfai mja mzito. Ipo sindano ya sumu ya botulini, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox. Sumu hiyo hutolewa na vijidudu, na habari zake ziliandikwa katika miaka ya 1820 na tabibu wa Kijerumani, Justinus Kerner, alipochungua watu waliokufa kwa kula soseji zilizoharibika. Baadaye ilionekana kwamba kiasi chake kidogo mno, kikitiwa katika msuli, huulegeza msuli huo. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa maradhi ya macho, na mwaka 2002 kwa makunyanzi baina ya nyusi. Nguvu yake hudumu kama miezi 3 au 4, kisha msuli huamka.

Penye kipaji cha uso msuli ukilala hapana hasara kubwa. Penye kinywa jambo ni jingine. Tabibu akizidisha kiasi au akikosea mahali, mdomo hukosa nguvu ya kufumba. Chai hudondoka, kicheko huenda upande, na mtu hushindwa kutamka sawasawa sauti za midomo, yaani m, b na p. Msomaji na afikiri kwamba katika Kiswahili sauti hizo ndizo za maneno mama, baba, bibi na babu. Mtoto huanza nazo kusema, na mzee asingependa kuzipoteza kwa ajili ya picha.

Ipo pia sindano ya kujaza mifuo kwa asidi ya hayaluroniki, kitu kilichogunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika jicho la ng'ombe, nacho hupatikana kwa asili katika ngozi na viungo vya mwanadamu. Mwaka 2003 Marekani iliiruhusu itumiwe kujaza mifuo ishukayo kutoka puani hadi kinywani. Hukaa miezi 6, au mwaka, au zaidi kidogo. Mara nyingi huleta matokeo mazuri. Lakini ikiingia ndani ya mshipa wa damu huweza kuua sehemu ya ngozi, na kwa nadra kupofusha jicho. Kwa hiyo haifai kutiwa na mtu asiyejua njia za mishipa wala asiye na dawa ya kuiyeyusha papo hapo. Leza na dawa za kuchoma ngozi ya juu zaweza kulainisha makunyanzi, lakini katika ngozi nyeusi zaweza pia kuacha mabaka. Upasuaji wa kukaza mashavu hudumu miaka mingi kuliko vyote hivi, illa huacha kovu, na baadhi ya watu weusi wana kovu lenye tabia ya kuvimba na kukua kuliko jeraha lenyewe. Upasuaji wa kurekebisha maumbo si mambo ya ng'ambo tena. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili huko Mloganzila, mahali palipo upande huo huo wa kwenda Kibaha, ilianza kutoa huduma za namna hiyo.

Mambo mawili hudhihirika katika habari hizi. La kwanza, nyingi za dawa hizi ni za kukodi, si za kununua. Anayeanza sindano hulazimika kurudi mara mbili au tatu kila mwaka, ama sivyo uso hurudi ulikokuwa. La pili, baadhi ya tiba zilizo bora kwa kinywa hazisifiwi sana, labda kwa kuwa hazina fahari: kofia pana juani, kuacha tumbaku, na meno ya kupachika mahali pa yaliyong'oka. Meno hurudisha nguzo ya mdomo, na zaidi ya hayo humwezesha mwenyewe kutafuna.

Lipo pia jambo la tatu, nalo ni la huzuni. Asiyeweza kulipa daktari huuziwa mkorogo sokoni kwa ahadi ya ngozi laini na changa. Ndani ya michanganyiko hiyo huonekana mara kwa mara zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki hudhuru figo. Steroidi hulainisha ngozi kwa siku chache, kisha huifanya nyembamba ikaonyesha mishipa na kukunjamana, yaani huleta ule ule uzee uliokimbiwa. Serikali ya Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambata hivi; tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania; na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyataka mataifa kuiondoa zebaki katika vipodozi. Walakini marufuku haimfikii kila mwuzaji, na hofu ya kuzeeka humfikia kila mnunuzi.

Sasa jambo laweza kupimwa. Wapo wasemao kwamba kubadili uso ni kosa lenyewe, kwa kuwa umbo ni kazi ya Mwenyezi Mungu na umri ni amri yake. Maneno haya yana heshima, na katika Pwani yana wasikilizaji wengi. Lakini hata wanazuoni wa Kiislamu hutenga baina ya kuondoa dosari na kubadili umbile kwa kutamani tu. Imepokewa habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, akajitengenezea pua ya fedha. Ilipooza na kunuka Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Dhahabu haikuwa halali kwa mapambo ya wanaume, lakini haikunyimwa pua iliyojeruhiwa. Na hata nje ya hukumu za dini, hapana mtu aishiye bila ya kuugusa uso wake. Mwanamke wa Pwani ametia wanja, amepaka liwa na amejisinga siku ya arusi kabla ya daktari wa sindano kuzaliwa. Mzee huvaa miwani na hapana amwambiaye amepinga amri ya umri. Kwa hiyo anayeyakataa makunyanzi hawezi kuhukumiwa kwa neno moja kwamba amekataa maumbile. Ingekuwa hivyo, kinyozi naye angekuwa mwasi.

Wapo wengine wasemao kinyume chake: uso ni mali ya mwenyewe, fedha ni yake, maumivu ni yake, na hapana wa kumwuliza. Hoja hii nayo ina nguvu, na historia ya nchi imeionyesha. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na Januari 1969 amri hiyo ikaanza kutekelezwa mjini Dar es Salaam. Dawa za kujichubua zilikuwa na madhara ya kweli. Sketi haikumdhuru mtu figo. Lakini amri ilichanganya sumu na nguo katika kapu moja, kwa kuwa haikumtazama mwanamke kama mwenye mwili, ila kama bendera ya taifa ambayo wengine wana haki ya kuipandisha na kuishusha. Anayesema kwamba uso ni wa mwenyewe amejifunza somo hilo vema.

Illa amesahau jambo moja. Uso ni wa mwenyewe, lakini kioo si chake. Mtu huzaliwa akavikuta vipimo vya uzuri vimekwisha wekwa na wengine. Kusini mwa Tanzania wanawake wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, kipande cha mti kilichoukuza mdomo huo, na hayo yalikuwa mapambo na heshima. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilififia. Bibi alivaa ndonya apate kutazamwa kwa sifa. Mjukuu hakuvaa kwa sababu ile ile. Kila mmoja aliweza kusema kwamba amependa mwenyewe, na hapana aliyekuwa mwongo. Lakini kipimo kilichobadilika baina yao hakikubadilishwa na mmoja wao. Basi kusema "nimechagua mwenyewe" si mwisho wa maneno. Huenda mtu amechagua kama msafiri anavyochagua kiti katika basi lililokwisha ondoka.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Dawa inapopatikana, bahati hugeuka kuwa uamuzi, na uamuzi hudaiwa sababu. Kabla ya sindano, kinywa chenye makunyanzi kilikuwa kinywa cha mtu mzima. Baada ya sindano, kinywa hicho hicho chaanza kuonekana kama kazi iliyoachwa bila ya kufanywa, kama uwanja usiofagiwa. Hakuna aliyekidharau kwa kusudi, na hata hivyo kimedharauliwa. Ndiyo maana zawadi ya binti ilisikika kama shtaka: ilimwambia mama kwamba kile alichokihesabu kuwa ni miaka yake, sasa kinahesabiwa kuwa ni uzembe wake.

Kwa hiyo kipimo cha haki hakimo katika sindano wala katika kukataa sindano. Kimo katika swali hili: je, mtu huyu angeweza kusema "sitaki" bila ya kupungukiwa na heshima? Asiyeweza kukataa hajachagua. Mwanamke anayetengeneza kinywa chake akijua kwamba akikiacha atapendwa na kusikilizwa vile vile, huyo amejipamba, na mapambo ni furaha ya binadamu tangu kale. Mwanamke anayekitengeneza kwa kuogopa kuachwa na mume, kufukuzwa kazini au kufichwa nyuma katika picha, huyo amelipa kodi. Sindano ni moja, daktari ni mmoja, hata uzuri utokeao ni mmoja. Lakini wa kwanza ametoka kwa daktari akiwa huru, na wa pili ametoka akiwa na siku ya kurudi.

Kodi hii haitozwi kwa usawa. Mwanamume akipata mifuo kinywani husemwa amekomaa, na aghalabu huongezewa cheo; mwanamke akipata mifuo ile ile husemwa amekwisha. Wala haikuwa hivyo kila mahali na kila wakati. Katika unyago wa watu wa Pwani, Wazaramo miongoni mwao, msichana hufundishwa na wanawake watu wazima, na kinywa cha kungwi kilipata nguvu kwa sababu ya umri wake. Maneno yale yale kutoka kinywa kisicho na kunyanzi yasingeaminiwa. Huko mikunjo haikuwa hasara ya kufidiwa, ilikuwa shahada. Jamii inayomwambia mwanamke afiche miaka yake imemnyang'anya shahada hiyo kwanza, kisha imemwuzia kifuniko cha mahali ilipokuwa.

Wengine hujibu kwamba yampasa mtu kuushinda uso wake kwa vipawa vyake, na hutoa mfano wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Wapinzani wake walimsuta kwa kukosa uzuri wa sura. Naye mwaka 1928 alikwenda Bombay akaimba katika santuri, na kinywa kile kilichosutwa kikasikika katika Pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mfano huu ni mtukufu, lakini hautoshi. Mama lishe wa Mlandizi hana santuri. Ikiwa uso usio mzuri husamehewa kwa sababu ya sauti nzuri, basi bado uso umehesabiwa kuwa ni deni, na kilichobadilika ni namna ya kulilipa. Mtu asiye na kipawa chochote hana haja ya kuomba radhi kwa kinywa chake.

Kutokana na hayo wajibu wa kila mmoja hudhihirika. Wajibu wa daktari na mwuza dawa ni kusema kweli: itadumu muda gani, itagharimu kiasi gani katika miaka 10 na si katika siku moja, yaweza kudhuru nini, na ngozi nyeusi hupatwa na nini. Tena ni wajibu wake asiumbe maradhi apate kuuza dawa. Anayemwambia mteja "una mikunjo mibaya" kabla ya kuulizwa, huyo hajatibu. Ametia jeraha kisha ameuza bandeji. Wajibu wa mwenye uso ni kujiuliza nani anayemwogopa, na kutolipa uzuri wa uso kwa afya ya mwili wala kwa karo ya mtoto. Na wajibu wa jamaa, nao ndio mzito kuliko wote, ni kuyafanya maneno "sitaki" kuwa mepesi kusemwa nyumbani.

Wajibu huu wa mwisho ndio uliompita yule binti, ingawa hakuwa na moyo mbaya. Alimpenda mama yake, na labda alitaka kumwona siku moja akipumzishwa, akitunzwa, akionekana kama wanawake ambao hawakusimama miaka 20 mbele ya moto. Katika mapenzi yake palikuwa na haki: ni dhuluma kwamba mwanamke maskini huzeeka mapema kuliko tajiri, na mtu atakaye kuifuta dhuluma hiyo usoni pa mama yake hastahili kuchekwa. Kosa lake lilikuwa kuleta jibu kabla ya kuleta swali. Alitaja sindano, hakuuliza haja.

Aliporudi Mlandizi wiki ya pili aliuliza. Alikaa juu ya kigoda karibu na meko, akamenya vitunguu kama alivyofanya alipokuwa shuleni, akasema, "Mama, nisamehe. Siku ile sikukuuliza. Wewe mwenyewe ungependa nini?"

Mama alikoroga maharage kwa muda. Kisha akasema, "Ningependa meno, mwanangu. Nimechoka kuumega mkate kwa upande mmoja. Na hii tumbaku, nitajaribu kuiacha, siahidi. Hiyo sindano usiitaje kwa ajili ya arusi. Nikiitaka nitakwambia, na siku hiyo haitakuwa siku ya picha."

Hakusema ataikataa daima, na hapana sababu ya kumlazimisha aseme. Huenda mwaka ujao ataitaka, na akiitaka kwa hiari, kwa daktari aijuaye kazi yake na kwa fedha isiyovunja nyumba, hatakuwa amekosa. Huenda hataitaka kamwe, na hapo pia hatakuwa amekosa. Jambo la thamani lililopatikana kando ya meko hayo si meno wala sindano. Ni kwamba mama alikuwa na neno juu ya uso wake, na mwanawe akalisikiliza.

Umri utafika katika vinywa vyote, vya matajiri na vya maskini, vilivyotibiwa na visivyotibiwa. Sindano hupoa, mshono hulegea, na mfupa huendelea na safari yake. Mwisho wa yote kila kinywa hukunjwa. Mtu na ajipambe akipenda, na aache akipenda. Lakini asiwepo mtu, awe mume au mwana, mwajiri au mwuza dawa, wa kumtoza mwenziwe hesabu ya miaka aliyoishi.